Majiko Tisa ya Ghorofa ya Pili

Nimekataa mara mbili kuandika habari hii. Vidole vyangu vimezoea jembe na mwiko, na darasa la nne nililisoma nusu. Lakini wajukuu wameniganda kama kupe, eti bibi andika habari za mama. Haya. Atakayecheka mwandiko wangu aandike wake.

Mama yao ni binti yangu wa pili. Alitunza bweni la wasichana chuoni miaka kumi na minne, wanafunzi wakamwita Mama Funguo kwa lile tita la funguo kiunoni. Likilia koridoni, hata panya walijua pa kwenda. Alipofika miaka arobaini na sita akaanza kusomea shahada ya pili, ile ya kuhudumia wanafunzi wa vyuo. Mumewe akamuuliza, kwani miaka yote hiyo alikuwa akihudumia mbuzi? Akamjibu kwamba alikuwa akifunga milango.

Mhadhiri wake alimtuma atafute kwa nini wa mwaka wa kwanza wanakacha vipindi vya jioni. Apate wanafunzi wanane wa kusema naye kwa hiari, ndani ya wiki mbili. Akiwakosa, masomo yameishia hapo. Wiki ya kwanza alipanga viti ofisini, akavikalia peke yake. Ya pili akabandika tangazo. Sasa mtu akizoea kuamrisha, mkono nao huamrisha. Akaandika kama siku zote: wa mwaka wa kwanza, ghorofa ya pili, mfike ofisini kesho saa nne asubuhi bila kukosa. Akagonga na muhuri.

Saa nne walikuja wasichana tisa, foleni, vichwa chini, kila mmoja kabeba jiko la umeme alilokuwa akilificha chini ya kitanda. Mmoja alilifunga shuka kama mtoto mchanga. Walidhani kuna aliyewachomea kwamba wanapika vyumbani.

Hapo pakawa pagumu. Jiko chumbani ni marufuku. Mlezi wa bweni akiliona hulichukua, na jina la mwenyewe hupelekwa kwa mkuu wa mabweni. Lakini akiyachukua haya, nani tena atamwambia neno? Yule wa shuka akaanza kulia. Ndipo binti yangu akalifungua tita kiunoni, akalitia kwenye droo.

Akawaeleza kwamba lile lilikuwa ombi, asiyetaka aende. Mmoja akakumbatia jiko lake, akaenda mbio. Wanane wakabaki.

"Haya kaeni. Chakula cha chuo mmekigomea?"

Wakatazamana. Yule wa shuka akafuta pua. "Jikoni wanafunga saa kumi na mbili, mama, na kipindi kinatoka saa moja. Ukisoma, unalala njaa. Asiye na jiko ndiye anayekacha."

Miaka kumi na minne geti la ukumbi wa chakula alilifunga binti yangu kwa mkono wake, na hakuwahi kuiweka saa ya jikoni kando ya saa ya darasa. Aliyasema hayo mwenyewe kwangu mimi mama yake, naye kukiri kwake ni kama kung'oa jino.

Mkuu wa mabweni alizipata habari kabla ya adhuhuri, maana majiko tisa hayashuki ngazi kimyakimya. Akataka majina.

"Majina yamo kwenye utafiti," akaambiwa na binti yangu, "na utafiti wangu hauna majina."

Akamwandikia barua ya onyo, na mwezi haukuisha akamhamishia stoo ya magodoro. Huko ndiko alikomalizia kuandika, kakalia magodoro. Shahada akaipata. Jikoni siku hizi wanafunga saa mbili usiku, na mkuu anasema wazo lilikuwa lake.

Sasa wewe mwenye mtoto chuoni, usimuulize kapata alama ngapi. Muulize jikoni kwao wanafunga saa ngapi na darasa linatoka saa ngapi, kisha uniandikie. Na uandike kwa herufi kubwa, sitaki kusumbuliwa na miwani.