Kiti cha Kutazama Ziwa

Mama Zege alikuwa hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai simu ilipolia, na kabla hajaitazama alijua ni picha. Saa moja asubuhi, kila siku ya Mungu, ilikuwa picha. Juzi lilikuja baraza lenye vipande vya zege vilivyopangwa kama karata, majani yakiota katikati yake. Jana likaja lenye shimo la moto. Leo lilikuwa zege lililochorwa mistari na kupakwa rangi ya kahawia mpaka likafanana na mbao, na chini yake maneno haya: "Fundi, unaonaje hii?"

Fundi alionaje? Fundi aliona kwamba mtu huyu anahitaji kutafutiwa shughuli.

"Eti zege lijifanye mbao," alimwambia shemeji yake walipokuwa wakipakia vifaa kwenye mkokoteni. "Nimemwaga zege miaka ishirini na sita. Sijawahi kulisikia likilalamika kwamba si mbao."

"Mwenye nyumba akitaka ndizi, mpe ndizi," shemeji alisema.

"Hata yeye hajui kama ni ndizi. Kesho atataka embe."

Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na ndiye aliyemchanganyia zege siku zote, ingawa ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko koleo lake. Mume ndiye aliyekuwa fundi. Mama Zege alianza kwa kumbebea karai kichwani, na mgongo wa mume ulipomlaza kitandani akashika mwiko, akidhani ni kwa wiki moja tu, kumalizia kazi ya watu. Mume hakuinuka tena. Wiki ile ikawa maisha yake. Miaka ya mwanzo wateja walikuwa wakifika, wanamkuta amesimama na pimamaji mkononi, saruji imemjaa mpaka kwenye nyusi, halafu wanamuuliza fundi yuko wapi. "Fundi ametoka kidogo," alikuwa akiwajibu. "Ongea na mimi mpaka arudi." Wengine waliongea naye mpaka nyumba ikaisha, bado wanamsubiri fundi.

Nyumba ya safari hii ilikuwa kwenye mteremko juu ya ziwa. Aliishi humo bibi mmoja peke yake, miguu yake imechoka, akitoka chumbani kwenda jikoni kwa kushika ukuta. Mwanawe wa pekee aliishi mbali, mjini, na ndiye aliyeamua kwamba mama yake ajengewe baraza la zege upande wa ziwa, na mwisho wa baraza kiwekwe kiti cha zege chenye mgongo, kisichohamishika, ili mama akae atazame maji. Wazo zuri, hakuna aliyebisha. Tabu ilikuwa mwenye wazo. Mama Zege alimpa jina Bwana Picha. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hawakuwa na simu. Bwana Picha hakuwepo, na lake lilikuwepo kila asubuhi.

Alitaka ngazi za kushukia ziwani, kwa mama asiyeweza kushuka kizingiti. Alitaka ukingo wa kioo, kana kwamba vumbi la njia ile lingekiogopa kioo chake. Kuhusu shimo la moto, Mama Zege alimpelekea bibi simu aione mwenyewe.

"Ni jiko?" bibi aliuliza.

"Si jiko, mama. Watu wanakaa wanalizunguka, wanaota moto, wanatazama ziwa."

Bibi alitazama picha kwa muda. "Nimepikia kuni miaka hamsini, moshi umenimaliza macho. Mwanangu mwenyewe ndiye aliyeninunulia jiko la gesi, akaniambia sasa mama pumzika na moshi. Leo anauleta barazani?" Halafu, kama aliyeogopa kuwa amesema sana, akarudisha simu. "Lakini kama ameamua, basi. Yeye ndiye anayejua mambo ya sasa."

Hilo ndilo lililomchosha Mama Zege kuliko picha zenyewe. Mtoto haambiliki, mama hasemi. Shimo la moto alilikataa yeye fundi, kwa kisingizio kwamba zege litapasuka, na Bwana Picha akanung'unika siku mbili.

Mama Zege alikuwa na desturi yake. Kabla hajamwaga chochote hufunga kamba kuonyesha kingo, huleta kiti cha kawaida, anakiweka mahali watu watakapokaa, na mwenye nyumba hukalishwa hapo. Watu huchora nyumba wamesimama, hulalamika wamekaa. Basi alileta kiti cha plastiki kutoka jikoni, akakielekeza ziwani, akamshika bibi mkono akamkalisha. Bibi alikaa kidogo. Kisha akainuka kwa shida, akakigeuza kiti, akakaa tena, safari hii akitazama pembeni mwa nyumba, kule liliko geti na njia inayoshuka kutoka kilimani.

"Mama, ziwa liko huku!" Mama Zege alimwambia kwa sauti ya juu, kama anayesema na kiziwi.

"Ndiyo, mwanangu. Naliona."

"Hulioni, umelipa mgongo." Akamwinua, akakigeuza kiti, akamkalisha tena. Mama Zege akaweka alama ya chaki, akaendelea na kazi yake. Baadaye alipokumbuka namna alivyomzungusha mama wa watu kama debe la maji, aliona aibu.

Baraza likamwagwa siku moja, asubuhi mpaka alasiri. Hakuna mbao za uongo wala majani. Zege jeupe, lililopigwa mwiko likatulia, na mteremko wa vidole viwili ili mvua isilale mlangoni. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau hukauka yakasahaulika. Zege likimwagika linabaki pale likikutazama, na kama ulikosea, linakutazama maisha. Ndiyo maana Mama Zege huwa mkali siku ya kumwaga, na siku hiyo shemeji alitukanwa mara nne, tatu kati ya hizo kwa haki.

Zege changa hunyweshwa. Kwa siku saba Mama Zege alikuja asubuhi na jioni kulimwagia maji na kulifunika magunia. Na kila asubuhi alikikuta kile kiti cha plastiki kimegeuzwa. Alikiacha jioni kikitazama ziwa, kando ya baraza, mahali pa alama yake, akakikuta kinatazama geti. Siku ya pili alimgombeza shemeji. Siku ya tatu akamgombeza tena.

"Shemeji, mimi naingia hapa na wewe, natoka na wewe," shemeji alisema. "Au unadhani narudi kwa miguu kuja kusumbua kiti?"

Siku ya nne alifika mapema kuliko kawaida, peke yake. Bibi alikuwa ameshakaa. Kanga mabegani, mikono mapajani, uso umeelekea njia ya kilimani. Nyuma yake ziwa lilikuwa limeanza kung'aa, zuri kupita picha zote za simu, na bibi hakuligeukia hata mara moja. Gari lilionekana kwenye kona ya juu. Bibi akanyoosha shingo. Gari likashuka, likakata kushoto kwa jirani. Bibi akarudisha shingo.

Mama Zege aliweka ndoo chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umewahi."

"Mama, niambie kweli. Hulitaki ziwa?"

Bibi alicheka kidogo. "Ziwa nimeliona. Nimeletwa hapa bibi harusi ziwa lipo, nimezaa lipo, nimemzika mume wangu lipo. Halijawahi kunibishia hodi hata siku moja. Anayekuja kwangu anapitia kule." Akaonyesha geti kwa kidevu.

"Mbona hukumwambia mwanao?"

"Nimwambie nini? Nimwambie kiti chako kizuri sikitaki, mimi nataka kukaa nikuangalie kama unakuja? Ataona namsuta. Mwache. Kiti kikishakuwa cha zege nitazoea."

Hapo Mama Zege alikasirika kweli, na hakujua aanze na nani. Na mtoto anayetuma picha kila siku na kusahau kujituma mwenyewe? Na mama anayekubali kugeuziwa uso mpaka kufa ili mtoto asiudhike? Au na fundi mwenye desturi ya kuwakalisha watu, kisha anawageuza anavyotaka yeye? Alimwaga maji juu ya magunia kwa hasira mpaka yakafika mlangoni.

Mchana akampigia Bwana Picha. Alimweleza kwamba kiti kingefaa zaidi kikitazama upande mwingine. Sababu hakuitaja, kwa kuwa haikuwa yake kuitaja.

"Fundi," Bwana Picha alisema, na nyuma yake zilisikika sauti za watu ofisini. "Duniani kote watu wanalipia kuona ziwa. Nakutumia picha moja, ya mwisho. Usiongeze, usipunguze. Fuata picha kama ilivyo."

"Kama ilivyo?"

"Kama ilivyo. Sasa naingia mkutanoni."

Picha ikaja. Mama Zege aliitazama akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kilikuwa kiti cha zege kirefu, chenye mgongo na mito miwili ya samawati, na nyuma yake ziwa kubwa la nchi nyingine. Aliitazama tena. Akamwita shemeji.

"Shemeji, hebu njoo. Mtu akikaa kwenye kiti hiki, anatazama wapi?"

Shemeji akafuta mikono kwenye suruali, akainamia simu. "Anatutazama sisi."

"Na ziwa liko wapi?"

"Nyuma yake." Shemeji akaanza kutabasamu. "Shemeji, usifanye hivyo. Kazi ni ya mwenye simu."

"Kiti ni cha anayekikalia. Na mwenye simu amesema kama ilivyo. Lete mbao."

Akafunua picha zote za nyuma, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa hivyo hivyo. Aliyepiga alitaka ziwa lionekane, kwa hiyo viti vyote duniani vilikuwa vimelipa ziwa mgongo, na Bwana Picha alizitazama miezi miwili asilione hilo. Mama Zege alicheka peke yake kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze. Wakafunga mbao, wakasuka nondo, wakamwaga kiti siku mbili baadaye, mgongo wake ukiwa upande wa maji. Bibi alisimama mlangoni akishika fremu, akatazama mbao zilivyoelekea. Alirudi ndani, akatoka na chai ya watu wawili, akaiweka kwenye kizingiti.

Kiti kilipokomaa Mama Zege alikipiga picha akiwa amesimama upande wa geti, akaituma. Jibu lilikuja papo hapo: "SAFI SANA! Kama ilivyo! Nakuja Jumamosi kukagua."

Jumamosi ile hakuja. Mama Zege alikaa siku nzima akimsubiri, bibi akiwa kwenye kiti chake na kanga mpya. Jumamosi ya pili alituma ujumbe saa nane kwamba amebanwa, na bibi aliendelea kukaa mpaka jua likazama, kwa sababu mtu aliyebanwa, alisema, anaweza kubanduka. Mama Zege alirudi nyumbani akiwa na hasira ambazo hata shemeji hakuthubutu kuzitania.

Jumamosi ya tatu alikuja. Aliegesha gari, akaingia getini huku ameinua simu mbele ya uso, akirekodi, akaja hivyo mpaka barazani. Hapo ndipo aliposhusha simu na kuona kwa macho.

"Fundi! Kiti hiki kimegeuzwa! Kinatazama geti!"

"Kimefuata picha," Mama Zege alisema. Alikuwa na simu yake tayari mkononi, amemfungulia picha ile ya mwisho. "Usiongeze, usipunguze. Nionyeshe nilipoongeza."

Bwana Picha aliitazama picha. Akaikuza kwa vidole viwili, akaipunguza. Kisha hasira zikamrudia. "Lakini mtu mwenye akili zake angejua! Umemharibia mama yangu. Kilikuwa kiti cha kutazama ziwa! Kivunje, ukijenge upya!"

"Hakivunjwi," bibi alisema.

Mwanawe akageuka. Pengine hakuwahi kumsikia mama yake akikataa kitu. Bibi alipapasa zege kando yake, mahali palipokuwa na nafasi ya mtu mmoja. "Kaa."

Akakaa, kwa sababu hakujua lingine la kufanya. Kutoka pale njia nzima ilionekana, tangu kona ya juu ya kilima, ikipotea nyuma ya nyumba za majirani, ikitokea tena, mpaka getini.

"Nilikuona pale juu," bibi alisema. "Nikamwambia fundi huyu, yule ni mwanangu, anaendesha kama anayefukuzwa. Tangu kiti hiki kikauke yameshuka magari kumi na moja. Hili lako ndilo la kumi na moja."

Hakulisema kwa kusuta. Alilisema kama mtu anayetoa habari za nyumbani. Bwana Picha aliitazama ile njia kwa muda mrefu, na simu yake ikawaka mkononi, ikazima, ikawaka tena. Mama Zege alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, aliyokuwa ameyapanga kwa majuma matatu, na akagundua kwamba hayahitajiki tena. Akainama kukusanya mwiko na pimamaji, vifaa ambavyo hakuwa na kazi navyo siku ile.

"Na ziwa, mama?" Bwana Picha aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo. "Hutaliona?"

"Ziwa lipo, baba," bibi alisema, bila kugeuka. "Lenyewe haliendi popote."