Honora na Shangazi Awuor

Siku ambayo Mzee Desmond alinirudishia karatasi yangu naikumbuka vizuri sana, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimeipiga taipu bila kosa hata moja na nilikuwa nangoja sifa.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mimi nilikuwa kijana mwenye taipu yangu mwenyewe, nakaa nje ya posta hapo Kisumu, naandikia watu barua. Mzee Desmond alikuwa Mwayalandi aliyezeekea kwenye mashamba ya miwa, huko upande wa Awasi. Jamaa zake waliobaki Ayalandi walitaka kuchapa kitabu cha ukoo wao, na daftari la majina alikuwa nalo yeye. Basi kila asubuhi nilibeba taipu yangu hadi verandani kwake, naye ananisomea huku tunakunywa chai.

Nilizipenda asubuhi zile, na hadi leo nazitamani. Alinieleza kwamba asili yao si Ayalandi hata kidogo. Babu yao wa kwanza alitoka Skotlandi, akavuka kipande chembamba cha bahari pamoja na askari wa mfalme, akapewa ardhi iliyokuwa na wenyewe. Hakulificha jambo hilo. Walijenga nyumba kubwa ya mawe, wakaitwa mabwana, na kila kizazi mzaliwa wa kwanza alichukua nyumba, shamba na cheo, vyote. Mzee Desmond alikuwa wa tatu kuzaliwa, ndiyo maana alipewa tiketi ya meli. Vizazi tisa, na ndani yake Alexander watano! Nikamuuliza kama huko kwao majina yalikuwa yamewaishia. Alicheka mpaka akakohoa.

Sasa, kwenye kizazi cha nane, daftarini, palikuwa na jina limepigwa mstari wa wino mwekundu. Honora. Mimi nikaliruka. Nani angenilaumu kwa kuliruka jina lililokatwa? Kwetu pia lilikuwepo moja. Shangazi Awuor, dada ya baba yangu, alimwacha mume aliyechaguliwa na wazee akaenda kuishi na fundi cherehani Mhindi, na baba akakataza jina lake lisitajwe bomani. Alikuwa akiuza nyanya sokoni Otonglo. Nilimpita pale mara nyingi nikijifanya naangalia upande mwingine, na mara moja aliniita kwa jina, nikaongeza mwendo. Alifariki mwaka mmoja kabla ya kazi hii ya Mzee Desmond. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumzika. Naona haya kukuambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mzee Desmond aliitazama karatasi yangu safi, kisha akanirudishia.

"Ochieng', Honora iko wapi?"

"Mzee, alikuwa amekatwa."

"Nani alikata?"

"Sijui, Mzee."

"Baba yangu alikata. Dada yake, aliolewa na mtu wa kuendesha gari ya farasi. Mimi sijakata." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Siku mimi nakuja Afrika, kwa nyumba ile kubwa hakuna mtu alikuja kuniaga. Yeye alikuja bandarini na mkate ndani ya kitambaa. Hawa wa kitabu wanaweza kukasirika, shauri yao. Andika huyo mama."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali anigombeze. Niliipiga karatasi nzima upya, mistari yote na matawi yote, na nilipofika kwenye jina lile nilikuwa naona nyanya za Otonglo tu.

Mwezi uliofuata mke wangu akajifungua msichana. Unajua desturi yetu: mtoto akilia bila kunyamaza, watu hudhani kuna marehemu anayetaka jina lake, basi wanamtajia waliotangulia mmoja mmoja mpaka atulie. Alilia siku mbili, hanyonyi, na mama yake ameanza kuogopa. Asubuhi ya tatu mama yangu akaketi na mtoto mlangoni, akawataja wote. Odera. Adongo. Nyar Seme. Mtoto analia tu. Majina yakaisha, na mimi niliona jinsi mama alivyomtupia baba jicho.

Nilimwogopa baba yangu, mwanangu, usidhani nilikuwa shujaa. Lakini nilisema, "Bado Awuor."

Baba akachukua kofia yake akatoka. Mama akainama, akalitaja lile jina sikioni mwa mtoto, polepole, mara mbili tatu. Mtoto akapewa mama yake, akashika ziwa. Sitakudanganya, pengine alikuwa amechoka tu. Mimi nilikuwa nangoja laana kutoka uani.

Saa sita baba akarudi, macho mekundu. Akasimama mlangoni, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nileteeni dada yangu," akasema.

Hatukuwa tumemsikia akisema neno hilo miaka kumi na mingapi sijui. Alimshika yule mtoto mpaka jua likapinda, na mama hakuthubutu kumwomba amrudishe.

Kwa hiyo nakuambia hivi. Ukipewa ukoo wako mikononi, usiupokee pamoja na chuki za waliokutangulia. Kama kuna mtu wenu ambaye hatajwi, uliza alikosa nini, kisha mtafute umsalimie angali hai, kwa sababu mimi nilimpa shangazi yangu mtoto lakini salamu sikumpa, na hiyo salamu hadi leo sina pa kuipeleka.

Mungu akujalie ndugu wengi, mwanangu, na akupe moyo wa kuwataja wote.