Mzee Aliyeitikia Modemu Yangu

Mimi pombe siinywi, na mchana sina muda wa kuota. Haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, mchana, watu wakiwa wameshakula ugali wao na wanatafuta mahali pa kujikinga mvua. Ukitaka kubisha, bisha, ila soma kwanza hadi mwisho.

Ilikuwa Ngara, huku kwetu mpakani na Burundi, katika ile miaka ya wakimbizi. Waliokuwepo wanaikumbuka: magari meupe, antena kila paa, wageni wa kila lugha. Wengine walikaa wakilalamika kwamba kuni zimekwisha na bei zimepanda. Mimi nilikwenda Kasulo, pale malori ya chakula cha kambini yaliposimama, nikauza karanga za kuchemsha. Shule niliishia darasa la nne, lakini karanga hazikuniuliza cheti. Kutoka karanga nikaingia kwenye betri, kutoka betri nikavuta simu ya waya, na shirika moja lilipofunga ofisi nikanunua kompyuta yao iliyochakaa pamoja na modemu yake. Watu mjini walisema nimenunua televisheni mbovu. Baada ya muda wakawa wanapanga mstari mlangoni kwangu kutuma baruapepe.

Kompyuta yenyewe haikuwa na picha. Kioo cheusi, maandishi meupe, basi. Fundi mmoja kutoka Nairobi alinifundisha neno la kuandika pale: wvdial. Sisi tulilitamka "wividaili". Ukishaliandika unabonyeza kitufe kikubwa, kisha unakaa pembeni kama mwenye nyumba. Programu yenyewe inaiamsha modemu, inapiga namba ya Mwanza, inasubiri upande wa pili uitike kwa ule mlio wa panya wanaogombana ndani ya debe. Ikiitikiwa, kioo kinaandika CONNECT na barua zinaanza kuingia. Isipoitikiwa kinaandika NO CARRIER, halafu inapiga tena. Yenyewe. Haichoki wala haioni aibu. Kiingereza sikukijua, lakini maneno yale niliyatambua kwa sura, kama mtu anavyowatambua ng'ombe wake.

Sasa sikiliza. Siku hiyo alikuwepo ofisini kwangu mama mmoja Mrundi, tukimwita Mama Spesi. Katika msukumano wa kukimbia alipotezana na mwanawe, Dezire, mtoto mdogo bado. Akasikia kwamba kule Kibondo kuna sista anayekusanya watoto waliopotea, na mmoja anafanana na huyo wake. Mimi mwenyewe nilimwandikia sista baruapepe, na jibu tulilitegemea siku hiyo. Lakini siku hiyo hiyo alasiri ndiyo ilikuwa zamu ya Mama Spesi kurudishwa kwao Burundi. Lori lilikuwa limeshasimama barabarani, watu wanapanda. Kama mtoto yuko Kibondo, mama hatakiwi kupanda, maana akishavuka mpaka, kurudi ni shida. Kama hayuko, basi huenda yuko kwao, na mama akiliachia lori hilo, hajui lingine litakuja lini. Apande au asipande? Jibu lilikuwa ndani ya waya wangu.

Na waya ulikuwa hautoi kitu. Jana yake watu wa Mwanza walikuwa wamebadilisha namba, wakanitajia mpya kwa redio ya upepo, nami nikaiandika ndani ya programu. Tangu asubuhi wividaili ilikuwa inapiga. Kwenye kispika cha modemu ungesikia kabisa simu inaita, mbali, kwa upole. Hakuna aliyeitika. NO CARRIER. Inapiga tena. NO CARRIER. Mimi sikuwa na wasiwasi, nilimwambia mama atulie, mashine yangu haijawahi kunitia aibu. Mama Spesi akanijibu kwamba hata jogoo wa baba yake hakuwahi kumtia aibu, mpaka siku alipochinjwa.

Mvua ikaanza, ile ya Ngara inayokuja na ukungu wake. Ndipo mzee akasimama mlangoni.

Alikuwa mrefu, amevaa koti zito la zamani, mkononi ana fimbo ya kuchungia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Nikamuuliza anataka kupiga simu wapi.

"Sipigi," akasema. "Nimeitika."

Nikadhani ni mzee amepotea. Nikamwambia kwa heshima kwamba hapa hakuna aliyemwita. Akaniambia nimemwita tangu asubuhi bila kupumzika, mpaka ameshindwa kula, na kwamba ametoka kijijini Mabawe kwa miguu. Nikacheka kidogo. Mabawe? Miaka ile Mabawe simu ingetoka wapi? Ila kicheko kilinikauka pale nilipolitazama lile koti. Nje maji yanamwagika kama yamefunguliwa, na koti limekauka kama jivu la jana. Niamini, nilinyoosha mkono nikaligusa bega, nikijifanya namkaribisha kiti. Kavu.

Na jambo jingine. Kila wividaili ilipoanza kupiga, kabla hata kispika hakijatoa sauti, mzee aligeuza kichwa. Aligeuka kama mtu anayesikia jina lake likitajwa nyuma yake.

"Mwaniitia nini?" akauliza.

Wewe ungemjibu nini? Aliyenyanyuka ni Mama Spesi. Kwanza alinigombeza mimi: nimemwita mtu mzima wa watu, amekuja, namwacha mlangoni kama mwombaji. Kisha akapiga magoti mbele ya mzee, mikono miwili pamoja, kama wanavyowaamkia wakubwa kwao, akamweleza yote kwa Kirundi. Mtoto, sista, lori. Aliongea kwa haraka na bila machozi, kama mtu anayeagiza kitu dukani akiwa amechelewa.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Modemu ikapiga tena. Ikaita, ikaita. Mzee akainamia kispika, akafumbua mdomo, akaitika.

Akaitika kwa mlio ule ule. Wa panya na debe. Ulitoka kooni kwake, midomo haichezi, meno yanaonekana. Modemu nayo ikamjibu, yeye akajibu tena, wanapishana kama watu wanaofahamiana. Nikatazama kioo. CONNECT.

Ikaingia barua moja tu. Haikuwa na jina la aliyeituma wala mahali ilipotoka. Ndani yake maneno mawili: Nturire mama.

Mimi ni Mhangaza, na Kihangaza na Kirundi ni watoto wa mama mmoja, kwa hiyo sikuhitaji mkalimani. Tatizo halikuwa hilo. Neno hilo la kwanza ukilitamka kwa mkato, ni kusema usilie. Ukiivuta ile sauti ya u, ni kusema usipande, iwe mti au gari. Kwa mdomo hata mtoto hakosei. Kwa maandishi ni neno lile lile, herufi kwa herufi. Kama ni usilie, basi anaagwa: panda lori, mama, usilie. Kama ni usipande, anaitwa.

Nikamtajia mama herufi moja moja. Barabarani dereva akaanza kupiga honi.

"Inasemaje?" Mama Spesi akaniuliza. "Inavuta au haivuti?"

Nikamwambia imeandikwa, haikusemwa. Nililikazia macho lile neno kana kwamba litanionea huruma. Honi ikalia tena. Mama akalishika furushi lake, akaliweka kichwani, akalishusha, akalishika tena.

Ndipo mzee akalisema. Hakukitazama kioo. Alimtazama yeye, akalitamka mara moja, kwa sauti ya mtoto mdogo mwenye mafua. Akaivuta ile u.

Mama Spesi akaliweka furushi sakafuni na kukaa juu yake. Lori likaondoka. Tulilisikia likibadilisha gia mlimani, kisha hatukulisikia tena.

Mzee alipofika mlangoni nilimkimbilia na mwavuli. Hakuupokea. Akaniambia, "Wewe umeniita, nimekuja. Siku nikikuita mimi, njoo." Akaingia kwenye ukungu, na ukungu haukufunguka kumpisha.

Kesho yake niliwasiliana na Mwanza kwa redio kuhakikisha namba. Kumbe walisema sita, mimi nikasikia tisa. Redio ilikuwa inakoroma. Sita na tisa, nani angezitenganisha? Hata wewe ungekosea. Nikairekebisha, na barua ya sista ikaingia. Dezire alikuwepo Kibondo. Baadaye sista akaandika kwamba siku ile ya mvua hakutuma barua yoyote, na kwamba mtoto alishinda amelala na homa na mafua, tena hajui kuandika hata herufi moja. Mama Spesi alimpata mwanawe. Hili ninajivunia, na nitajivunia mpaka nizikwe: bila ofisi yangu asingempata.

Nilikwenda Mabawe kumtafuta mzee. Bibi mmoja aliyekuwa anapalilia maharage akanisikiliza, akaniuliza kama mzee huyo ananijua kwa jina. Nikamwambia jina langu liko juu ya mlango wa ofisi kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Bibi akarudi kwenye maharage yake.

Tangu hapo, kuna siku mvua ikianza nasikia naitwa kutoka barabarani. Mara moja tu. Kwetu ukiitwa mara moja na usiyemwona, huitiki, unasubiri ya pili. Nasubiri. Mke wangu anajua: siku nikiitwa mara ya pili, nitavaa viatu na kwenda, kwa sababu mimi si mtu wa kukataa wito, na mzee yule alikuja kwa miguu. Siogopi. Ila sina haraka.

Nakuambia wewe sasa, unayetembea na simu mfukoni na kubipu watu kwa mchezo, hata namba usizozijua. Ukimwita mtu, uwe na neno la kumwambia. Wewe umeshakata, unacheka na wenzako. Yeye huko aliko ameshainuka, ameaga, yuko njiani.