Vidole Viwili vya Baba

Mji wetu wa Likasi ninaoubeba safarini ni wa vumbi lililoganda kwenye viatu, wa jakaranda zinazomwaga maua barabarani, wa mama akisonga bukari, ugali wetu, huku rozari yake ya mbao ikining'inia kifuani. Aliifunga tena kwa uzi mweusi kila ilipokatika. Alipofariki, baba aliitoa mikononi mwake kabla ya jeneza kufungwa, na kuanzia hapo kila jioni aliisali yeye.

Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nimeokoka karibuni. Katika kikundi chetu cha maombi tuliambiwa tulete vitu vyote vya sanamu, tuvichome uani. Wenzangu walileta hirizi. Mimi nilileta rozari. Nilijua ni ya nani. Niliitupa motoni nikiimba, na shanga zilipasuka moja moja kama mahindi ya kukaangwa.

Baba aliitafuta siku mbili. Nilimwambia mwenyewe, kwa kiburi, kwamba nimemwondolea laana. Jioni alikaa kwenye kiti chake, akaanza kuhesabu Salamu Maria kwa vidole. Lakini alikuwa na vidole vinane tu. Viwili vya mkono wa kushoto vilibaki chini ya jiwe kule Kambove, zamani alipokuwa akichimba madini. Kwa hiyo ya tisa na ya kumi alizihesabu kwa kugonga mguu wa kiti. Tok. Tok. Jumamosi hiyo niliondoka nyumbani.

Nimekaa Kolwezi, Kasumbalesa, hata ng'ambo ya mpaka. Katika makanisa mengi niliungama dhambi hiyo kwa Mungu, na mara nyingi niliambiwa imefutwa. Lakini popote mtu alipogonga kitu mara mbili, nilishtuka.

Mwaka huu nilirudi. Njiani nilirudiarudia maneno ya kumwomba baba msamaha, na katika mfuko nilikuwa na rozari mpya niliyoinunua kwa muuza vitabu, ya plastiki, inayong'aa mno.

Dada yangu mdogo alikuwa mlangoni anapuliza makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa. Aliponiona alipaza sauti:

"Mufiche bintu! Mwenye kuchoma amerudia!"

"Acha, dada."

"Niache nini? Ficha hata kitambaa ya kichwa yangu!" Akacheka mpaka akalia, akanikumbatia kwa mikono yenye masizi.

Baba alikuwa kwenye kiti kile kile, amepungua. Nilipiga magoti, nikampa rozari. Aliigeuza, akaitundika kwenye msumari.

"Aksanti. Ni muzuri."

Kisha akaanza kusali kwa vidole. Nilihisi kama nimefungiwa mlango. Nikasema haraka kabla sijaogopa zaidi:

"Baba, ile shapele ya mama niliyoichoma. Nilikukosea. Unisamehe."

Akaikatiza sala.

"Minye nilikusamehe juma ile ile. Nilitaka kukuambia siku ya Mungu, misa ikiisha. Siku ya Mungu weye hauko. Ulikimbia mbio sana, mutoto yangu."

Miaka yote ile nilikuwa nikikimbia mtu aliyekuwa anasubiri misa ya Jumapili iishe. Nikaulizia rozari ya plastiki, kama haimpendezi.

"Inanipendeza. Lakini minye nilizoea bidole." Akanyoosha mkono wa kushoto, ule wenye pengo. "Leta mukono."

"Baba, unajua siye wenye kuokoka hatusali hii."

"Sikukuambia usali. Nimesema leta mukono."

Nikampa. Akaanza upya, taratibu, akipitia vidole vyake vinane kimoja kimoja. Ya tisa akashika kidole changu kidogo. Ya kumi akashika kinachofuata, akakibana. Mguu wa kiti ulinyamaza. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuanza kufuata maneno, sauti ya chini, kama mama alivyonifundisha.

Fungu la kwanza la Salamu Maria kumi liliisha. Dada akaita kutoka uani kwamba bukari inapoa. Baba hakuniachilia mkono. Tukaanza la pili.