Jinzi za Baba Wakati wa Mvua

Baba alipopooza upande wa kushoto, nilimtoa kijijini Lobule nikamleta kwangu mtaa wa Oli, mjini Arua, kwenye vyumba viwili nilivyopanga karibu na mto. Nilikuwa nauza samaki wakavu sokoni, na nyumbani sikuwa na mtu mwingine. Alikuja na mkoba mmoja. Ndani mlikuwa na shati jeupe la kanisani na suruali mbili za jinzi.

Jinzi ndiyo nguo aliyoijua. Ujana wake wote alipakia tumbaku na kahawa kwenye baiskeli, akivuka mpaka wa Kongo na kurudi, na alizoea kusema kwamba suruali nyingine huisha makalioni kabla mtu hajafika popote. Sasa hakuweza kufunga kifungo kwa mkono mmoja. Wala hakuweza kungoja. Mkojo ulimjia ghafla, na mara nyingi nilikuwa bado nahangaika na zipu wakati tayari umeshashuka hadi kwenye kandambili. Hakunitazama wakati huo. Alitazama ukuta.

Kwa hiyo nilifua jinzi kila siku. Ikiwa kavu ni nguo kama nguo nyingine. Ikilowa unaivuta kutoka kwenye beseni kama unayemtoa mbuzi kisimani. Niligeuza ndani nje, nikapaka sabuni ya mche, nikasugua kwa brashi kwenye mishono ya mapajani, maana harufu hujificha pale, kisha nikasuuza mpaka maji yaache kuwa ya buluu. Ngozi ya vidole ilichubuka, na asubuhi nilipogusa chumvi ya samaki niliuma meno.

Kisha mvua zikaanza. Shati husahau maji upesi, lakini jinzi haisahau. Miguu ilikauka, mifuko na kiuno vikabaki vibichi. Nilizianika kwenye kamba, nikazianua, nikazianika tena, nikaishia kuzitundika juu ya jiko la mkaa. Baba akawa ananuka moshi, na mimi samaki.

"Baba," nilimwambia siku moja, "nikununulie suruali laini ya mpira kiunoni, kama za wachezaji?"

"Hiyo ni ya kulalia."

"Basi kikoi. Nyumbani tu."

"Mimi iko mgonjwa?" aliniuliza.

Sisi wawili tulizungumza Kikakwa. Kiswahili chake cha barabarani alikitoa kwangu pale tu alipotaka kufunga mazungumzo.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja kutoka Sudan Kusini, aliyekimbia vita akabaki, akiuza chai kando ya barabara. Yeye ndiye aliyenisaidia kukamua, kwa sababu jinzi haikamuliwi na mtu mmoja. Alishika upande wa kiuno, mimi miguu, tukazungusha kila mmoja kwake mpaka maji yakatiririka miguuni petu. Aliniambia, "Dada, peleka kwa fundi. Atoe zipu, aweke mpira. Mzee ataivuta mwenyewe kwa mkono mmoja."

Nilipeleka moja kwa fundi wa mtaa wa Awindiri. Alifanya kazi nzuri. Kwa mbele hungejua kitu. Baba aliichukua, akapitisha kidole gumba kwenye kile kiuno kilichojikunja, akairudisha mapajani pangu.

"Hii ni suruali ya mtoto," alisema.

Alikuja kuivaa, lakini siku ambazo ile nyingine ilikuwa imelowa tu, na siku hizo hakutoka kukaa barazani.

Jioni moja nilirudi sokoni nikamkuta uani, kwenye kigoda, beseni mbele yake. Alikuwa anafua. Alikanyaga mguu wa suruali kwa mguu wake mzima ili usimkimbie, akasugua kwa mkono wa kulia. Mche mzima wa sabuni ulikuwa umelainika majini kama uji. Alikuwa amelowa kuanzia kifuani.

"Nilitaka uikute imekwisha," alisema.

Nilikuwa nimechoka. Nilitua kapu, nikasuuza suruali, nikampa upande wa kiuno. Aliufunga kwenye ngumi yake moja, akaegemea nyuma. Mimi nikazungusha. Mkono ule ulikuwa bado una nguvu za kusukuma baiskeli mlimani, na karibu aniangushe. Alicheka kidogo, na mimi pia. Usiku ule mvua ilinyesha na asubuhi jinzi ilikuwa bado mbichi.

Haikupita wiki, tukapigiwa simu kutoka Lobule. Mzee aliyekuwa mwenzake wa safari za baiskeli amefariki, anazikwa kesho. Asubuhi yake suruali zote mbili zilikuwa zimelowa. Nilimwambia tuzikaushe kwanza, tutafika mchana. Akasema mwenzake hakuwahi kumngoja mtu, atazikwa mapema. Akanyoosha mguu nimvishe ile yenye zipu, ikiwa inamnata ngozini. Tulichukua gari hadi Koboko, kisha bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia. Upepo ulipiga ile nguo mbichi, naye akatetemeka njia nzima.

Kaburini alisimama, akiniegemea, mpaka udongo ukasawazishwa. Meno yalikuwa yanagongana. Dada yake mkubwa, shangazi yangu, mjane anayeishi hatua chache kutoka pale, alikuja akamgusa paja. Hakuniuliza chochote. Alimshika mkono akaenda naye nyumbani kwake, nami nikabaki na akina mama kwenye sufuria.

Waliporudi msibani, Baba alikuwa amevaa kikoi. Cha kijani, kimefungwa vizuri, na blanketi mabegani. Aliketi kati ya wazee wenzake, mbele za watu wote, akanywa uji.

Niliweka mwiko chini. Nilimfuata.

"Baba, mimi nimekuomba miezi. Kwa nini kwake umekubali?"

Safari hii alijibu kwa lugha yetu, polepole, kwa sababu mdomo wake ulikuwa mzito.

"Huyu alinibeba mgongoni. Wewe nilikubeba mimi."

Shangazi akasema atabaki naye, kuna wajukuu wa kumsindikiza chooni, kuna uwanja mpana, na kikoi hukauka hata kwa pumzi. Baba akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeniuliza kama nakubali, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwisha kukubali kabla hawajamaliza kusema.

Yupo huko mpaka leo. Baridi ya siku ile ilimletea kikohozi, kikamwachia. Naenda Jumamosi nikiweza, na samaki, na sabuni kwa ajili ya shangazi.

Ila siku ile niliporudi Arua niliingia ndani mchana kweupe, sikuteka maji, sikuwasha jiko, nikaanguka kitandani na viatu. Jirani alikuja kugonga kesho yake, jua likiwa juu, akiita kwa hofu.

"Dada! Iko nini? Mzee amekufa?"

"Hapana," nilimwambia kupitia mlangoni. "Nimelala tu."