Vigelegele vya Kambale

Nilipotoka Kihesa kuolewa Madibira, wifi yangu alinifundisha kuvua kambale kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Chambo ni kijiko cha chai kilichokatwa mpini na kufungwa ndoana. Kinameremeta majini, kambale anakirukia. Kunasa walikuwa wananasa. Kuwatoa ndiyo ilikuwa kimbembe. Niliinoa ndoana kwa tupa mpaka ikawa inakwama kwenye ukucha. Washenzi wakaendelea kuchomoka.

Jumamosi moja wifi alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi, samaki akinasa tu unapiga vigelegele! Mkono uko mdomoni, mshipi umelegea, unadhani atakusubiri?"

Sasa mimi sijui kufurahi kimyakimya. Tukakubaliana nivute, yeye anipigie. Kambale akanasa. Nikauma meno, nikakaza mshipi, nikageuka kumwita wifi. Kumbe na yeye kanasa wake! Tukavuta wote, mikono imejaa, midomo tumeifumba, hakuna wa kupiga vigelegele. Ng'ambo ya mfereji, wanawake waliokuwa wakipandikiza mpunga wakainuka na matope yao, wakatupigia vigelegele mpaka kambale wote wawili wakalala kwenye majani.