Nilivyoisingizia Ndege ya Bwana Karimu

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu. Nyasi za uwanja wa ndege wa Mtwara zilikuwa bado na umande, nami nimelala chali chini ya tumbo la ndege, nikifuta mafuta. Nikaona viatu vya Bwana Karimu vinakuja taratibu, vikasimama. Hakunisalimu kama kawaida yake. Aliweka kiganja juu ya bawa, akakaa hivyo kitambo, kisha akasema, "Selemani, Bi Mkubwa tunamuuza."

Bi Mkubwa ndilo jina ambalo watu wa mjini waliipa ndege ile, kwa sababu ilikuwa na umri mkubwa kuliko wengi wetu. Ilitengenezwa kabla ya vita vya pili vya dunia, kwa mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na mawili chini, viti viwili visivyo na paa, kimoja nyuma ya kingine. Bwana Karimu, mzaliwa wa Mikindani mwenye shamba la mkonge, aliirusha mwenyewe, akipeleka barua na dawa vijiji vya kando ya Ruvuma. Mimi nilikuwa fundi wake, kijana wa miaka ishirini na minne, na uhuru wenyewe ulikuwa bado mchanga. Sasa macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari alikuwa amekataa kumpa tena leseni ya urubani.

Nikuambie ilivyokuwa kuruka na Bi Mkubwa. Tulikuwa tukipita juu ya Msimbati, bahari chini yetu imetulia kama kitambaa kilichotandazwa, halafu pale mto unapoingia baharini maji ya udongo yanakutana na maji ya buluu, yanazungukana pole pole, hayataki kuchanganyika. Viboko wamelala kwenye fungu la mchanga, wanaonekana wadogo kama kokoto. Kivuli chetu kinateleza juu ya mikoko bila kutikisa hata jani. Upepo unaziba masikio, huwezi kusema wala kuambiwa kitu, na mara nyingine Bwana Karimu aliinua mikono yote miwili kunionyesha kwamba usukani ni wangu. Mpaka leo, nikisinzia mchana, huwa naondoka na kurudi huko.

Na niliitunza, mwanangu. Kila tulipotua ufukweni niliiosha kwa maji baridi ya kisima, nisibakize chembe ya chumvi. Kila msumari niliougusa niliuandika katika daftari lake. Mwaka mmoja kabla, mbavu za bawa la kushoto zilipochoka, alizichonga upya Fundi Likwata, seremala wa mtaa wa Chikongola, mtu wa makamo aliyekuwa akinusa ubao kabla ya kuukata. Kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba nilisikitika kuifunika kwa kitambaa.

Haukupita mwezi, mnunuzi akaja. Alikuwa mwanamke, rubani wa hospitali moja ya misheni huko bara, karibu na ziwa. Bi Helena, mrefu, mpole, mwenye kucha fupi nyeusi kama zangu. Walihitaji ndege ya kuwafikia wagonjwa wasiofikika kwa gari. Aliikagua tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akasoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe, Bwana Karimu alipoingia bandani kutafuta kivuli, Bi Helena alinivuta pembeni.

"Wewe ndiye unayeijua," aliniambia. "Kuna jambo ambalo daftari halikusema?"

Mwanangu, sikuwa nimepanga kusema uongo. Lakini nilimwona jinsi alivyoushika mlango mdogo wa rubani, kama mtu ambaye tayari yuko kwake, na moyo wangu ukaona wivu.

"Bawa la kushoto," nikasema. "Ndani. Fundi wetu alitumia mbao mbichi. Mimi nisingeiamini."

Alinitazama, akanishukuru. Jioni ile akaondoka bila kununua, na kwa uungwana wake akamweleza Bwana Karimu sababu, bila kusema nani kamwambia. Bwana Karimu hakuuliza. Aliketi juu ya debe tupu, akawa anapapasa ukingo wa bawa lile kwa vidole, huku na huku.

Siku mbili nilifurahi, sitakuficha. Nilikaa kwenye kiti cha mbele mchana kutwa, nikaota. Lakini maneno hayakubaki uwanjani. Dereva aliyempeleka Bi Helena aliyasikia, akayafikisha Chikongola, na huko yakaota miguu. Bwana harusi mmoja alikwenda kuchukua ubao wake wa kitanda akaupeleka kwa seremala mwingine. Msikiti uliokuwa umeagiza milango kwa Fundi Likwata ukasema usubiri kwanza.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Fundi Likwata mwenyewe akatokea bandani. Amebeba sanduku lake la zana kichwani, ametembea kwa miguu toka mjini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mbavu zangu zimeharibika. Nifungulie kitambaa nizione."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kukana. Lakini hakuja kugombana.

"Nimelala nikiwaza," akaendelea. "Zile mbao nilizikausha miezi minane, lakini macho ya mtu hudanganya. Wewe ni kijana mwangalifu. Kama nimekosea, nataka nilione kosa langu, lisije likamuua mtu."

Alinipa wembe. Nikauweka juu ya kitambaa, kitambaa nilichokivuta na kukipaka dawa kwa mikono yangu. Alikuwa ameshaegemeza uso wake pale, tayari kuona aibu yake. Mkono ukakataa.

"Fundi," nikasema, "hakuna kitu humo. Nilisema uongo."

Akachukua wembe, akaufunga katika kitambaa chake.

"Kwa nini?"

"Sikutaka iondoke."

"Basi ungesema hivyo," akasema. Sauti yake haikupanda. "Ungesema, naipenda, inaniuma. Nani angekucheka? Ndege haina mdomo, Selemani. Mimi sikuwapo. Kati ya watu wote, mwenye kutusemea alikuwa wewe, na ukatusema vibaya. Hivi ndivyo unavyopenda?"

Sijapata kupigwa kofi lililouma kama maneno yale.

Nilikwenda kwa Bwana Karimu siku ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Unadhani mimi siipendi?" Hakunifukuza. Alinituma posta kupeleka simu ya maandishi kwa Bi Helena, na akaniagiza nipite Chikongola, duka kwa duka na baraza kwa baraza, nikitaja uongo wangu kwa jina langu. Nilipita. Wapo walionicheka, wapo waliogeuza uso. Msikiti ulimrudishia Fundi Likwata kazi yake. Yule bwana harusi hakurudi, na miaka mingi baadaye, huko Mtawanya, nilimsikia mtu akimwita Likwata "yule wa mbao mbichi." Sikuweza kumfikia kila mtu.

Bi Helena alikuja baada ya wiki kadhaa. Nilidhani neno langu litatosha.

"Hapana," akasema. "Mara ya kwanza nilikuamini. Sasa lazima nione."

Basi tukakata kitambaa kizima, kisicho na doa. Fundi Likwata amesimama pembeni na kanzu yake ya Ijumaa. Mbavu zikatokea, nyeupe, zimenyooka, zina harufu ya ubao mkavu. Bi Helena alipitisha kidole juu yake, akamgeukia akasema, "Fundi, nisamehe." Mimi nikashona kitambaa kile siku nzima, kila mtu ananitazama.

Kabla ya kuondoka, Bi Helena alitaka kuijaribu, akaniambia nipande naye. Nilitamani, mwanangu, Mungu anajua. Nikamshika mkono Bwana Karimu, nikampandisha yeye. Walizunguka kuelekea mlangoni mwa Ruvuma mpaka wakawa nukta. Aliposhuka, yule mzee asiyeona tena vizuri alitusimulia kila kitu, maji mawili, mikoko, viboko, akitabasamu, na hakuna aliyemuuliza kama kweli aliviona.

Kesho yake ndege ikaondoka kwenda bara.

Nasaha yangu ni hii. Kitu ukikipenda na wakati wake wa kuondoka umefika, lia kama unataka kulia, sema kwamba kinakuuma, lakini usikichafue ili wengine wasikitake. Kwa sababu nyuma ya kila kitu kizuri yupo mtu aliyekifanya, na uchafu unaokipaka utamfikia yeye kwanza. Na ukiwa umeshateleza, kiri mapema, kwa jina lako, hata kama baadhi ya masikio hutayafikia.

Mola akupe kazi itakayokuwa fahari yako, akupe na kifua cha kuiachia. Akukutanishe na watu wanaorekebisha bila kupiga kelele, na akufikishe salama kila unakokwenda. Amina.